Darasa la Kikohozi

11 Februari

Mpwa wangu, Daktari wa Kamasi,

Marahaba. Najua shikamoo yako ipo njiani, imechelewa tu kama mambo yako yote. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako anakusalimu, anasema sweta ulilosahau ameshalifua, na kwamba mtu anayekuja likizo na pua inayomwagika vile angekaa kwake alale. Goti langu ni lile lile. Sikio la kushoto limekufa kabisa. Miaka thelathini ya nguruwe wanaopiga mayowe kila wakiona ndoo si mchezo. Kwa hiyo usinipigie simu. Kwenye barua nakusikia vizuri, na ukisema upuuzi naweza kurudia kusoma nihakikishe.

Watu hapa wameniuliza binti yetu anafanya kazi gani huko. Nikawaambia, "Anawaambukiza nguruwe mafua." Wakacheka, wakadhani natania. Tumekusomesha miaka yote ile ili ukafanye kazi ambayo nguruwe wangu wanajifanyia wenyewe.

Maana nao wana mafua. Tangu wiki ile uliyoondoka, vile vitoto ulivyokuwa unavipakata upigwe picha vimejibanza kwenye kona vinapiga chafya kwa zamu. Homa siku mbili tatu, chakula hawagusi, kisha wanainuka. Si jambo kubwa. Ila nataka ujue aliyeleta ni nani: Kofia. Ndiyo, huyo huyo jirani yangu, ambaye hata wewe hujawahi kuona kichwa chake. Dume lake lilikuja kupanda majike yangu wiki hiyo hiyo. Lilikuja limenyamaza, likaondoka linakohoa. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Kesho kutwa napokea nguruwe wapya kumi na wawili. Nitaandika.

Mjomba wako

4 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kusikia goti halijabadilika. Mtu akiwa na goti la kulalamikia anakuwa na pa kuanzia siku. Msalimie mkaza mjomba, mwambie sweta alivae yeye. Mimi ni mzima. Chumba changu cha kupanga bado kina mlango unaofungwa kwa kiti.

Kuhusu kazi yangu, umewaeleza watu vizuri kuliko profesa. Ni kweli, tunawapa nguruwe mafua. Tunachukua kirusi cha mafua ya binadamu, tunampa nguruwe wa kwanza. Kirusi kinafika mle kama mgeni asiyejua choo kiko wapi. Kinahangaika, nguruwe anapiga chafya mbili, basi. Tunachukua majimaji ya pafu lake, tunampa wa pili. Kutoka wa pili kwenda wa tatu. Kirusi kikijinakili hukosea hapa na pale, na makosa mengi hayakifaidii chochote. Lakini ukikipa nguruwe mpya kila mara, kosa moja linalokisaidia kuingia ndani zaidi ndilo linalobaki.

Kazi yangu mimi ni mapafu. Nina karatasi zenye mchoro wa pafu la nguruwe, na penseli ya zambarau. Sehemu iliyoharibika naipaka rangi. Karatasi ya nguruwe wa kwanza ungedhani nimesahau kufanya kazi. Ya wa saba imenimalizia nusu penseli. Ndipo tunapojua kirusi kimeshakuwa mwenyeji.

Na kabla hujaniuliza kuhusu pua yangu: hapa mwenye mafua haruhusiwi kumkaribia nguruwe. Niliporudi kutoka likizo walinipima, wakanifungia nje ya banda wiki mbili. Nilikaa ofisini nikichonga penseli.

Mpwa wako

20 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako imefika imelowa kona moja, natumaini ni mvua. Marahaba. Hapa tuko salama, isipokuwa mkaza mjomba wako amelivaa sweta na sasa halivui, joto au baridi.

Nimesoma habari za penseli. Nimemsomea pia bwana mifugo, akatikisa kichwa kwa heshima, yule hutikisa kichwa kwa chochote kilichoandikwa. Mimi nakuuliza: mnahitaji profesa kwa hilo? Hapa kwetu kuna kile kizimba cha mwisho, karibu na bomba. Nakiita Darasani. Nguruwe akikohoa, anapelekwa Darasani. Na wageni wakifika, kila baada ya mwezi au miwili wanafika, hawaendi popote kabla ya kupita Darasani. Wanachanganyika na wanaokohoa, wanaugua mapema, wanamaliza, wanatoka wakiwa wahitimu. Babu yako alifanya hivyo maisha yake yote, na hakuwa na penseli.

Tatizo ni kwamba mwaka huu wanafunzi wanafeli. Kundi la kwanza waliugua siku tatu. La pili, wiki nzima. Hili la tatu wanapumua kwa tumbo, mbavu zinaingia na kutoka, na wawili walilala wasiamke. Sasa niambie, Kofia ameniletea kitu gani hiki kinachozidi makali kila kukicha?

Na huyo bwana, wake waliumwa wiki moja wakapona wote! Hakupoteza hata mmoja. Wala hakuchukua wapya, eti anasubiri kwanza banda litulie. Umeona? Ugonjwa ni wa kwao, wanafahamiana nao.

Nataka unisaidie jambo moja. Niandikie barua fupi yenye mhuri wa maabara kwamba kikohozi hiki kimetoka kwa Kofia. Nitaipeleka kwenye chama cha wafugaji. Maneno utayajua wewe, mimi shida yangu ni mhuri.

Mjomba wako

9 Mei

Mjomba, shikamoo.

Wote wazima huku. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa.

Umenishinda, Mjomba. Mimi na profesa tuna kibali cha kurasa arobaini, milango mitatu ya chuma na mavazi yanayonifanya nionekane mfuko wa taka, ili tufanye jambo ambalo wewe unalifanya kwa ndoo na koleo. Nguruwe wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wewe hata hukuhitaji kukiweka kirusi kwenye friji. Kila baada ya mwezi au miwili unakiletea mapafu mapya hadi mlangoni.

Hao wa Kofia wamepona kwa sababu kirusi kilipokwisha kuwapitia wote hakikupata pa kwenda. Cha kwako kinaendelea na masomo. Wanafunzi wako hawafeli, Mjomba. Anayefaulu darasani kwako ni kirusi.

Sasa niache utani kidogo. Funga Darasa. Usiingize mgeni hata mmoja. Waache waliopo wapone, kisha watoe, osha, kausha, kaa bila kitu wiki kadhaa. Na mtu yeyote mwenye mafua asikanyage bandani, hata akiwa mwenyekiti wa chama, ambaye nadhani bado ni wewe.

Mhuri siwezi kukupa kwa maneno. Nimemtumia bwana mifugo vijiti vya pamba na chupa zake. Achukue puani, na damu kidogo, kwako na kwa Kofia, alete. Tutaviangalia vizuri, nami nitakuandikia kilichopatikana, kiwe cha yeyote.

Mpwa wako

16 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako anakusalimu, goti linakusalimu.

Bwana mifugo alikuja na vijiti vyako. Nguruwe walimkimbiza mara mbili, na mara ya pili nadhani walikuwa na haki. Kwa Kofia alipokelewa kama mgeni wa heshima, wanasema Kofia mwenyewe alimshikia dume pua. Mtu mwenye hatia huwa mchangamfu sana.

Darasa sijalifunga. Usipandishe sauti, sikusikii. Wageni walikuwa wameshaagizwa, lori limefika, ningewaweka wapi, sebuleni? Nimewaweka Darasani kama kawaida, na kundi hili ndilo la nne. Watano wamekufa.

Nilimpasua mmoja mwenyewe, nikaona hayo mapafu yako. Sehemu ya mbele kote imekuwa na rangi ya ini, ngumu. Nikakata kipande nikakitupa kwenye ndoo ya maji, kwa sababu pafu siku zote huelea, hata mtu asiyesoma anajua. Kikazama. Nilisimama pale nikikitazama mpaka mkaza mjomba wako akaniita mara tatu, kwenye sikio zima.

Mkutano wa chama ni tarehe kumi Agosti. Nimeweka hoja kwamba Kofia atolewe, asilete tena nguruwe kwenye mzani wetu. Bila mzani wa chama hana pa kuuzia, atafunga. Najua ni jambo kubwa. Tumecheza naye drafti tangu kabla mama yako hajaolewa. Lakini aliyeniulia nguruwe hawezi kuniangalia usoni na kuniuliza habari za asubuhi kama hakuna kitu. Majibu yako nayangojea.

Mjomba wako

12 Julai

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mu wazima. Mimi pia, ila bomba la jikoni linavuja na mwenye nyumba anasema linavuja kwa sababu nalitazama sana. Nimebadilisha kiti cha kufungia mlango. Kile cha zamani kilivunjika mguu. Profesa amesafiri. Penseli za zambarau zimeisha, tumeletewa za samawati, sasa mapafu yote yanaonekana yana baridi.

Pole sana kwa hao watano. Vijiti vilifika salama. Bado tunaviangalia. Mambo haya huchukua muda, kuna kulinganisha na vingine vilivyo kwenye friji, kuna kurudia.

Kwa sasa usimtaje mtu. Hoja ya chama inaweza kusubiri. Na tafadhali, Mjomba, Darasa.

Mpwa wako

25 Julai

Mpwa wangu,

Nimekusomesha, nakufahamu, nimekuona ukimeza chaki ukiwa na miaka minne na kuniambia kwamba mdomo wako ulikuwa mweupe tangu asubuhi. Barua yako ina bomba, kiti, mwenye nyumba na penseli. Mtu akiniandikia habari za bomba nukta kwa nukta, kuna kitu nyuma ya hilo bomba.

Nimefikiri, nikajua. Mmegundua ni Kofia, na profesa anaogopa kesi. Basi msiogope. Mimi sina haja ya mhuri tena. Wanachama kumi na tisa wameshaniahidi. Wanayaona makaburi ya nguruwe nyuma ya banda langu, na banda la Kofia limejaa nguruwe wenye afya, wananona tu. Hiyo peke yake inatosha.

Wewe endelea kuchonga penseli. Mzee wako yuko kazini.

Mjomba wako

7 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Leo sina habari za nyumba.

Majibu yalitoka tarehe ishirini na sita Juni. Nilipokuandikia habari za bomba nilikuwa nayo mezani, chini ya kikombe.

Kirusi cha nguruwe wako si cha dume la Kofia. Ni cha binadamu. Kimefanana na kirusi kimoja tulichokuwa nacho kwenye friji, mstari kwa mstari, isipokuwa sehemu saba ambazo kimebadilika, na mbili kati ya hizo nazijua, maana mapafu yanayoharibiwa nazo nimeyapaka rangi hapa mwaka mzima. Hicho cha kwenye friji kilitolewa puani mwangu Januari, siku niliporudi kutoka kwenu. Kwenye damu ya nguruwe wa Kofia, dume lake lina alama ya kwamba liliwahi kuugua hicho hicho, katika hali yake ya mwanzo. Lilikuja kwako zima. Lilikiokota kwako.

Mimi ndiye niliyekileta, Mjomba. Nilikaa na vile vitoto mapajani asubuhi nzima, navipigia chafya kichwani na kucheka. Kazini nafuata sheria mpaka za kukata kucha. Nyumbani nilijiambia nguruwe wa mjomba ni wa kupigia picha.

Mimi nilikileta kikiwa hakijui lolote. Wewe ukakifundisha. Sisemi hivyo tugawane lawama. Nasema kwa sababu hata leo, ukiingiza kundi la tano, watakufa zaidi, na hapo hatakuwepo wa kusingiziwa, si mimi wala dume la mtu.

Utauliza kwa nini sijampigia mkaza mjomba simu, na mkutano umebaki siku tatu. Nimeishika simu mara tatu. Nimechagua barua kwa sababu barua huchelewa. Hilo nakuambia pia, kwa kuwa leo nimeamua kusema yote.

Mhuri huu hapa chini. Ndio ulioutaka.

Mpwa wako

11 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba, popote ulipo na bomba lako.

Jana tumemaliza! Kura ishirini na mbili kwa nne. Ungemwona mjomba wako amesimama mbele, nilitamani hata sikio bovu lipone lisikie makofi. Nilieleza dume lilivyokuja na lilivyoondoka. Nilieleza kipande cha pafu kilivyozama.

Kofia alipewa nafasi. Alisimama akasema, "Dume langu lilikuja kwako zima." Basi. Akakaa. Mtu anatetea maisha yake yote kwa maneno matano! Nilimwambia mkaza mjomba wako, huyu angekuwa na la kusema angesema. Yeye hakucheka. Tangu jana ananipakulia chakula kimya kimya, nadhani ni uchovu.

Lori la wageni linakuja Jumatatu. Sasa aliyekuwa anatuletea ugonjwa ameondoka, naona kundi hili litafaulu.

Mjomba wako, mwenyekiti

30 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Barua yangu ya tarehe saba ilifika?

Mpwa wako

3 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba.

Ilifika tarehe kumi na tisa Agosti. Niliisoma bandani, kundi la tano likiwa siku ya pili Darasani. Niliitia mfukoni, nikamaliza kugawa chakula, nikaisoma tena. Kisha nikakaa zaidi ya siku arobaini bila kukuandikia, kwa hiyo kwa kuchelewesha barua sina la kukuambia, sisi ni damu moja.

Katika hilo kundi nilipoteza saba. Darasa limefungwa. Nimelifunga kwa mikono yangu, nimelisugua mpaka saruji imebadilika rangi, na lori nimelirudisha. Hakuna mgeni mpaka mwakani. Banda zima sasa naweza kusikia mtu akikohoa, na hakuna anayekohoa. Uenyekiti nimeuacha. Barua yako niliisoma mbele ya chama, yote, na mhuri nikauonyesha. Walitaka kupiga kura upya wamrudishe Kofia. Walipiga. Mikono yote ilikuwa juu.

Lakini Kofia alikuwa ameshauza. Wiki ile ile ya mkutano alikuja mnunuzi wa mbali, akawabeba wote, majike na lile dume. Alijua kwamba bila mzani asingefika Desemba.

Nimekwenda kwake jana. Nilikuwa nimeshapita pale mlangoni mara nne mwezi huu, nikijifanya naangalia mtaro. Nilimkuta anafagia vizimba ambavyo havina kitu. Sikukaa. Nilimweleza kuanzia mwanzo: wewe ulivyokuja na mafua, vitoto mapajani, dume lake lilivyokipata kwangu, na mimi nilivyokilea kwa makundi matano. Nilimwambia aliyeua nguruwe wangu ni mimi, na wake pia nimewaondoa mimi. Sikutia mzaha hata mmoja. Nilijaribu kuutafuta sikuuona.

Nilisubiri anitukane. Majibu nilikuwa nayo tayari, unanijua, hata nikiwa na makosa huwa sikosi la kujibu. Aliegemeza ufagio ukutani, akanisogelea upande wa sikio zima ili nimsikie.

"Na yule binti," akasema, "mafua yake yaliisha?"

Nikamwambia yaliisha. Akasema afadhali, akarudi kufagia.

Mjomba wako